Chumvi ya Kutosha

Laurence Umuhire alikuwa amekwisha kusema ndiyo, ataolewa. Tatizo halikuwa Laurence. Tatizo lilikuwa na miaka tisa, nywele za kusuka mistari minne, na tabia ya kumtazama mtu mzima kama karani wa mpakani anavyotazama karatasi yenye mhuri uliofifia.

"Mimi nimekubali," Laurence alimwambia Théogène. "Lakini pale kwangu tuko wawili. Enda uongee na Bénita."

Théogène Ntirenganya alidhani hilo ni jambo dogo. Miaka ishirini na miwili alikuwa ameendesha lori kati ya Goma na Bunagana, juu yake maharagwe, mbuzi na abiria waliokaa juu ya mbuzi. Kila kizuizi cha barabara alikuwa na maneno yake matamu ya kukifungua. Kisha vita vikamkuta upande huu na lori upande ule, pale Rumangabo, akaingia Goma kwa miguu, ufunguo ukiwa mfukoni kana kwamba ameegesha tu anarudi. Sasa alikuwa akitengeneza matoroli kwenye gereji moja ya Katindo. Mke wake alikuwa ametangulia mbele ya haki miaka sita iliyopita. Mtu aliyepita kote huko angeshindwaje na binti wa darasa la nne?

Alimkuta uani, amekaa kwenye jiwe la volkano, akichambua maharagwe.

"Jambo, papa Théo," akasema Bénita. Lile neno papa halikumpa Théogène faida yoyote. Mjini Goma hata anayekuja kukukatia umeme unamwita papa.

"Jambo, mama."

"Wewe unajua kufanya nini?"

"Minajua kuendesha kamyo."

"Iko wapi?"

"Ilibakia Rumangabo."

Bénita alitupa kokoto moja pembeni. "Basi haujue. Ulikuwa unajua."

Ndani ya nyumba cherehani ya Laurence iliendelea kukereza, lakini polepole, kama cherehani yenye masikio. Théogène akajikuna shingo. Ulikuwa mwezi wa saba, shule zimefungwa, mvua imesahau njia, vumbi jeusi limekaa hata kwenye kope za watu. Alitafuta jambo la kusema, na mdomo wake, ambao miaka yote ulikuwa ukimwokoa barabarani, ukatangulia bila kumuuliza.

"Minajua kufanya barafu ya matunda."

Mkono wa Bénita ukasimama juu ya maharagwe. "Ile yenye iko na kijiti?"

"Yenye kijiti."

"Apana ya kununua?"

"Apana. Ya mikono yangu."

"Siku gani?"

"Dimanshi," alisema, yaani Jumapili. "Kisha misa. Mutakuja kwangu, wewe na mama."

"Na frigo ya nani?"

"Utaona."

Hapo aliharibu, na alijua kabla hajafunga mdomo. Kabla yake palikuwa na bwana mwingine, mwenye viatu vya kung'aa na shughuli za forodhani, doania kama wanavyosema kule, aliyemwahidi Bénita baiskeli. Kila alipoulizwa alisema iko njiani. Miezi minne ilikuwa njiani, mpaka yeye mwenyewe akashika njia, na hakuna aliyemwona tena.

"Ule wa velo pia alisemaka utaona," alisema Bénita, akarudi kwenye maharagwe yake.

Laurence alimsindikiza Théogène mpaka barabarani. "Amekupa dimanshi moja," akasema kwa sauti ya chini. "Mimi sitamusukuma. Ule mwingine nilimutetea, nikasema mutoto haelewe mambo. Kumbe mwenye alikuwa haelewe ni mimi. Ikikataa, tuikatie palepale, hata kama minakupenda."

"Unanipenda?"

"Enda utafute matunda."

Théogène hakuwa na friji. Jirani yake alikuwa nayo, nyeupe, ndefu, inatunza nguo za watoto, kwa sababu umeme wa mtaa wao ulikuwa ukija kusalimia tu na kuondoka kabla hujaupa kiti. Ijumaa yote alizunguka akiuliza. Jioni akakata tamaa, akaegemea ua wa Abdoul, muuza vitenge, na kumweleza shida yake mke wa Abdoul aliyekuwa akipepeta mchele.

Mke huyo, Kadidja, alikuwa ameletwa kutoka Tanga miezi mitatu tu iliyopita. Watu wa mtaa walipenda kumsalimia ili wamsikie anavyojibu, maana Kiswahili chake kilikuwa kama kimepigwa pasi. Yeye naye alikuwa akiwacheka kimyakimya kwa mutu, mutoto na muzee zao, na kila siku mumewe alimkuta na neno jipya la kumsimulia.

"Friji ya nini, baba?" alisema Kadidja. "Mama yangu aligandisha juisi ndani ya ndoo, na tulikuwa watoto saba. Tafuta makopo madogo ya bati, ya nyanya hayo. Plastiki haipitishi baridi upesi. Tia juisi, usijaze. Funika kwa mfuko wa nailoni, ufunge kwa uzi, utoboe katikati, uchomeke kijiti. Panga makopo ndooni, mimina barafu iliyopondwa mpaka shingoni mwao. Halafu chumvi ya kutosha. Funika, saa nzima usichungulie."

"Chumvi ya kutosha," alirudia Théogène.

"Ya kutosha hasa. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Wanaona uchungu."

"Mimi sitaona uchungu. Nitatosha yote."

"Ukiweza yote, ndio vizuri zaidi," alisema Kadidja, na wakaagana wakiwa wameelewana vizuri sana, kila mmoja na lake.

Maana Goma kutosha ni kutoa. Mtu anatosha viatu kabla ya kuingia ndani, anatosha jino bovu, anatosha mtoto wake kwenye shule yenye walimu wavivu. Ile maana nyingine Théogène alikuwa akiisikia redioni, na pengine angeikumbuka kama barafu asingeinunua pale alipoinunua. Lakini barafu ya vipande vikubwa hupatikana kwenye depo ya samaki, na kule hulazwa juu ya magunia yaliyobeba makayabo, samaki wa chumvi. Jumapili, baada ya misa ya kwanza, alipoiteremsha kutoka kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, na kufungua gunia, aliona punje za chumvi zimeganda kila upande wa lile pande la barafu. Akatikisa kichwa kwa heshima. Yule binti wa Tanga, aliwaza, ameiona chumvi hii bila hata kufika depo.

Alilipasua pande katikati kwa nyundo. Nusu moja akairudisha guniani na kuiviringishia blanketi. Nusu nyingine akaanza kuitosha chumvi. Aliisugua kwa brashi ya nguo, akaimwagia maji, akaigeuza, akaimwagia tena. Akalamba pembe moja, akahisi chumvi kwa mbali, akaisugua upya. Aliokuwa akiwasikitikia ni wale wengi wanaoharibu, wanaoona uchungu wa kazi hii.

Juisi alikuwa ameitengeneza asubuhi ile, na hapo hakuna wa kumcheka. Marakuja, yaani pasheni, alizikamua kwa kitambaa safi. Nanasi alilitwanga kwenye kinu alichoazima. Maprini, yale matunda mekundu yenye umbo la yai, aliyachemsha kidogo na sukari mpaka ganda likaachia na nyumba nzima ikanukia. Makopo matano ya nyanya yalikuwa yamesuguliwa kwa mchanga wa volkano hadi yakang'aa. Vijiti alipewa na mchoma mbuzi wa kona, vile vya brosheti, akavikata ncha ili visimchome mtoto. Aliponda barafu yake safi, akaimimina kati ya makopo, akafunika ndoo, akaweka jiwe juu. Akavaa shati la kola.

Wageni walifika saa nane. Laurence alikuwa amevaa kitenge cha manjano alichokishona mwenyewe, na Théogène alimwangalia mpaka Bénita akakohoa.

"Iko wapi?"

"Iko mu ndoo. Kaeni kwanza, munywe hata maji."

"Tulikunywa maji nyumbani."

Basi akaondoa jiwe, akafunua. Barafu ilikuwa imeshuka nusu, vipande vinaelea. Alichukua kopo la kwanza, akalipangusa kwa shati lake la kola, akampa Bénita kwa mikono miwili kama anayempa mtu cheti. Bénita alishika kijiti, akavuta. Kijiti kikatoka chenyewe, chembamba, kinadondosha. Akakitazama. Akakirudisha, akavuta tena, labda hakuvuta vizuri. Kijiti tupu. Laurence akachukua kopo la pili. Juisi. La tatu, juisi. Juisi baridi, tamu, nzuri kabisa, ambayo siku nyingine yoyote wangemshukuru.

Upande wa pili wa ua jogoo wa Abdoul akawika saa isiyo yake.

"Imekataa," alisema Théogène.

"Ule wa velo alisema ni doania njo inakataa," alisema Bénita. Hakuwa amekasirika. Alikuwa akiweka kumbukumbu tu. Aliweka kopo chini taratibu, akajipangusa mikono kwenye gauni. "Mama, twende."

Laurence alisimama. Alichukua mkoba wake, akaubadilisha bega, akaurudisha bega lile lile. Théogène aliona kwamba angeondoka kweli. Maneno yote ya vizuizini yakamjia: umeme, depo, jua kali, watu siku hizi, wanawauzia watu barafu gani. Yalikuwa mengi, na yote yalikuwa na sura ya viatu vya kung'aa.

"Mimi njo nimekosea," alisema. "Sijue ni wapi, lakini ni mimi. Kuko mutu alinifunza. Muniache niende kumuuliza."

"Dakika ngapi?" aliuliza Bénita.

"Sijue."

Yule wa baiskeli siku zote alikuwa akijua. Dakika tano, kesho, wiki ijayo siku ya Jumanne. Bénita alifikiri kidogo, akakaa tena.

Théogène aliita juu ya ua, na Kadidja akaja mbio, mkono mmoja una hina mbichi, wa pili bado. Akainama juu ya ndoo, akachovya kidole, akakionja.

"Hii haina chumvi."

"Haina," alisema Théogène, na katika aibu yake yote alipata tone la fahari. "Hata punje moja."

"Chumvi ilikuwa kiasi gani?"

"Ilikuwa mingi. Lakini nilitosha yote."

"Kama ilitosha, mbona haipo?"

"Haiko, juu nilitosha. Mara mbili, na brashi."

"Brashi ya nini tena, baba? Nilikwambia chumvi ya kutosha."

"Njo ile ile nilitosha."

"Itoshe wapi?"

"Mu barafu!"

Kadidja akamgeukia Laurence, Laurence akaugeukia ukuta, mabega yake yameanza kutikisika. Ni Bénita aliyesimama katikati yao na kunyoosha mkono kama darasani.

"Mama, wewe unasema chumvi ikuwe mingi," alimwambia Kadidja. "Yeye anasikia chumvi itoke. Kutosha ni kutoa. Ameiosha."

"Ameosha..."

"Barafu. Ameiosha barafu."

Kadidja alikaa chini, palepale vumbini, na mkono wake wenye hina ameuinua juu usichafuke. Alicheka bila sauti, kisha kwa sauti, kisha akamwita Abdoul aje asikie, na Abdoul akaja na kijiko cha wali mkononi, na ikabidi wamsimulie tangu mwanzo. Abdoul, aliyezaliwa Goma, hakuona mzaha uko wapi. "Lakini ulimwambia atoshe," alimwambia mkewe.

"Muzee," Kadidja alisema akijifuta machozi kwa kiwiko, na ilikuwa mara ya kwanza mtaa kumsikia akisema muzee badala ya mzee, "una barafu nyingine?"

Nusu ya guniani ilikuwepo, ndani ya blanketi, chafu kama ilivyotoka depo. Kadidja alileta mfuko mzima wa chumvi ya mawe. Théogène aliponda, Laurence akapanga upya makopo na kukaza nyuzi, na chumvi ikamiminwa kwa konzi, konzi juu ya konzi, huku Théogène akishindwa kujizuia kushtuka kila mara, kama anayeona kazi yake ya asubuhi inaharibiwa. Ndoo ilipofunikwa, Bénita alilitazama lile jiwe la kuwekea juu, akalikataa. Akakaa yeye mwenyewe juu ya kifuniko.

"Watu hawatachungulia," akasema.

Saa nzima ni ndefu unapokuwa mbele ya hakimu aliyekalia ushahidi. Kadidja alirudi kwenye hina yake. Laurence alijifanya anapanga vikombe ndani. Théogène alibaki kwenye kiti chake, magoti pamoja.

"Mama akikasirika, utafanya nini?" aliuliza Bénita.

"Nitanyamaza."

"Apana. Ukinyamaza anazidi. Umuulize kama kitambaa kimebakia. Anaanza kuelezea kitambaa, anasahau."

"Bénita," ilisema sauti ya Laurence ndani.

"Si ni kweli?"

"Ni kweli," ilisema sauti.

"Na wewe ukikasirika?" Bénita aliendelea.

"Minapiga gurudumu teke."

"Na kama hakuna gurudumu?"

Théogène alitafakari. Hakuwa amewahi kuulizwa. "Minalala na njaa, halafu asubuhi minaona aibu."

Bénita alikubali jibu hilo kwa kichwa. Alitikisa miguu, visigino vinagonga ndoo, du, du. Baada ya muda akasema matako yake yameganda, na kwamba kwa maoni yake hiyo ni dalili nzuri.

Alipoinuka, nje ya ndoo palikuwa pameganda ukungu mweupe. Théogène alichukua kopo la kwanza, akalichovya kwenye maji ya vuguvugu kama Kadidja alivyomwelekeza safari hii, akampa. Bénita alivuta. Kijiti kikakataa. Akavuta kwa nguvu, na kikatoka na mzigo wake: nguzo ndogo nyekundu ya maprini, yenye michirizi ya kopo la nyanya ubavuni, inatoa moshi wa baridi. Aliigeuza pande zote kabla ya kuilamba. Akalamba mara moja. Akalamba mara ya pili, akafumba macho.

Laurence alipata ya nanasi. Ilikuwa ngumu nje na katikati laini kama uji, na akasema hivyo ndivyo anavyopenda, na hakuna aliyemuuliza ameila wapi nyingine. Kadidja na Abdoul walipitishiwa zao juu ya ua. Théogène alichukua lililobaki chini kabisa, la marakuja, ambalo uzi wake ulikuwa umelegea. Akavuta kijiti, akaitia barafu mdomoni.

Maji ya ndoo yalikuwa yameingia. Ilikuwa kama kulamba bahari ambayo hajawahi kuiona. Machozi yalimlenga, lakini uso wake haukusogea. Mtu aliyezoea vizuizi anaujua uso wake.

Bénita alikuwa akimtazama. "Yako iko namna gani?"

"Iko..." Neno nzuri lilikuwa limekwisha kufika kwenye meno. Alilimeza pamoja na chumvi. "Iko mubaya sana."

"Mubaya namna gani?"

"Kama makayabo yenye sukari."

Bénita akanyoosha mkono. Alilamba ile barafu ya marakuja, na uso wake wote ukajikunja kuelekea puani, macho, mdomo, hata masikio. Akaitema vumbini. Kisha kikatoka kicheko ambacho Théogène hakuwa amewahi kukisikia, kinene, cha tumboni, kikubwa kuliko mwenyewe. Laurence aliacha kula ili akisikilize.

"Tupa hiyo," alisema Bénita alipopata pumzi. Aliitazama yake iliyobaki, akakadiria, akauma kipande upande wake, na nusu iliyosalia akampa. "Lakini usitupe kijiti. Ni yangu."

Jua liliposhuka kidogo, Laurence alifunga mkoba wake. Alisema Théogène aje kesho jioni, kama kazi itamruhusu, atakuwa amepika sombe ya majani ya muhogo. Alisema akitazama kitenge chake, akitafuta doa ambalo halikuwepo. Théogène alisema kazi itamruhusu.

Bénita alikuwa ametangulia hatua kumi. Akasimama, akarudi, kijiti mdomoni.

"Mulango yetu inakwamaka," alimwambia. "Ukiisukuma tu, haifunguke. Unainua kidogo kwanza, pa mukono, njo unasukuma na bega."

"Minainua, halafu bega."

"Ya kuume. Ya kushoto kuko musumari."

"Ya kuume," alisema Théogène.

Bénita alimngoja arudie mara nyingine, mpaka aliposhika vizuri, ndipo akamfuata mama yake.